Mbele ya kutoa gari ya zamani na kuongeza makuta juu, tuhesabu

Ku Goma siku hizi, fasi yote yenye gari zinauzishwa, neno moja njo linazunguka: hibridi. Unalisikia ku Birere, unalisikia ku magaraje ya Katindo, hata mbele ya kanisa watu wakitoka misa. Muuzaji anakuambia: leta ile gari yako ya zamani, ongeza makuta kidogo juu, utoke na gari yenye haina makelele na yenye inakula esanse nusu.

Wenye wanafungua masikio zaidi kwa hii neno ni watu wetu wa mashimo. Wachimbaji wa Rubaya, wapedeje wa mashimo, wanegosian wadogo, na wabibi zao wenye wanafanya biashara hapa muji. Wauzaji wanajua sababu. Mutumishi wa ofisi anapata pesa kidogo kidogo kila mwezi. Muchimbaji, yeye, anaweza kukaa miezi ine anakula madeni, kisha siku moja koltani inatoka muzuri na anashuka Goma na makuta mingi ndani ya mufuko kwa mara moja. Ile siku njo wanamungojea.

Wazo letu tunalisema tangu mwanzo, ili mutu asiseme tulimuficha. Hibridi si gari mbaya. Ni akili kubwa yenye watu walifanya. Lakini kwa familia nyingi za wachimbaji, kutoa gari yenye ingali inatembea na kuongeza pesa ya mwaka muzima juu yake ili kukamata hibridi ya okazio, ni biashara yenye haitarudisha kitu. Ni wachache njo watapata faida ya kweli. Tuhesabu pamoja, polepole, ili kila mutu ajue kama yeye ni wa hao wachache.

Hibridi ni nini

Gari ya hibridi iko na moteri mbili: moja ya esanse, sawa vile tunazoea, na moja ya kuran, yenye inakula ku batri kubwa. Batri mara nyingi iko nyuma, chini ao mugongoni mwa kiti. Gari ikisimama, moteri ya esanse inazimika yenyewe. Ukianza kutembea polepole, moteri ya kuran njo inasukuma. Ukikanyaga freini, ile nguvu yenye gari ingine inapoteza kwa kuchoma plaketi tu, hibridi inaikamata na kuirudisha ndani ya batri. Toyota Prius njo ilifungua hiyo njia ku Japani, mwezi wa 12 mwaka 1997. Kisha zikafuata zingine, na zile zenye tunaona mingi huku kwetu ni Prius yenyewe, Aqua, Axio, na Fit ya Honda.

Watu wengi wanatuambia: hiyo gari haiwezi Goma, juu kuran ya kwetu inakatika kila siku. Hapo wanadanganyika. Hibridi ya kawaida haiingizwe ku prize ya nyumba. Inajichaji yenyewe ikitembea. Iko hibridi zingine zenye ziko na waya ya kuingiza ku prize, lakini hizo ni chache huku. Basi kama unataka kukataa hibridi, usikatae kwa sababu ya kuran. Iko sababu zingine.

Yenye tunapaswa kukamata ni hii: hibridi inafaidi pale gari inasimama na kuanza, inasimama na kuanza. Kwa hiyo taksi yenye inazunguka Birere, Rond-point Signers, Majengo na Ndosho, katikati ya motari na chukudu, itaona faida. Lakini gari yenye inapanda kutoka Sake kwenda Mushaki, imejaa watu na mizigo, moteri ya esanse inatumika karibu saa yote. Kule mulimani faida inakuwa ndogo. Tena Prius iko chini sana: kati ya tumbo lake na barabara, kiganja kimoja na kidogo tu. Wenye wanajua mawe ya volkano ya muji wetu, na matope ya Masisi wakati wa mvua, hawahitaji tuwaambie zaidi.

Hesabu ya kweli

Tukamate mifano mbili. Namba hizi ni za kufundishia. Wewe weka zako.

Baba wa kwanza iko na gari ya zamani yenye inakula litre 10 kwa kilometa 100. Anaitumikisha taksi hapa muji, kilometa 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hibridi yenye iko muzima, kwa njia zetu, tuiwekee litre 5 na nusu kwa kilometa 100. Kila siku anaokoa litre 5 na kidogo. Kwa mwezi ni karibu litre 140. Kama litre moja ni dola 1 na nusu, anaokoa dola 210 kwa mwezi. Kama aliongeza dola 3.000 juu ya gari yake ya zamani, ile pesa inarudi kisha miezi 14 ao 15. Kama batri inavumilia, huyu amefanya biashara nzuri. Tunamupongeza.

Baba wa pili ni muchimbaji. Gari inabaki Goma, bibi yake anaitumia kwenda soko, kupeleka watoto ku masomo, na siku ya mungu kwenda kanisa. Kilometa 15 kwa siku. Kwa mwezi anaokoa litre 20 tu. Ni dola 30. Na yeye aliongeza dola 3.000. Zitarudi kisha miezi 100, maana yake zaidi ya miaka 8. Mbele ya hiyo miaka kufika, batri itakuwa imekwisha, na atatoa pesa tena.

Ni gari moja, ni bei moja, lakini mumoja anajenga na mwingine anabomoa. Tofauti si gari, ni kilometa. Kwa hiyo swali la kwanza si "hibridi ni nzuri?" Swali la kwanza ni hili: gari yako inatembeaka kilometa ngapi kwa siku? Mutu mwenye hawezi kujibu hili swali asitoe dola hata moja. Aandike ku daftari kwa mwezi muzima: kilometa, litre, bei. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Batri njo roho

Muuzaji atakuonyesha rangi, viti, televizio ndogo ya mbele. Wewe uliza batri. Batri kubwa ya Prius iko na volti zaidi ya 200, na inazeeka hata kama gari inapendeza kwa macho. Ku Marekani, Toyota yenyewe ilikuwa inatoa garanti ya miaka 8 kwa batri ya hibridi, na kwa gari za kuanzia 2020 ikafikisha miaka 10. Hiyo ni kwa barabara zao, kwa gari mupya, na kwa mwenye karatasi. Gari ya mwaka 2010 yenye inafika Goma leo imekwisha kupita hiyo miaka yote. Garanti yake ni mudomo wa muuzaji tu.

Na tuseme kweli juu ya hizi gari zenye zinatufikia. Kenya hairuhusu kuingiza gari yenye inapita miaka 8. Uganda, tangu 2018, haikubali yenye inapita miaka 15. Gari ikizeeka na majirani wakifunga mulango, inatafuta fasi yenye mulango ungali wazi. Mara nyingi ile fasi ni kwetu. Tena zenye zinatoka Japani ziko na vola kuume, na sisi tunatembeaka kuume. Mutu mwenye anataka kupita lori ku barabara ya Sake anapaswa kutoa gari nusu njiani ndipo aone mbele. Hiyo pia ni bei, hata kama haiandikwe.

Basi ukienda kuangalia hibridi, fanya hivi. Nenda asubuhi, gari ikiwa baridi, usikubali wakuletee yenye imekwisha kuwashwa. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Leta skaneri yenye inasoma batri kipande kwa kipande. Kama kipande kimoja ni zaifu kuliko vingine, batri yote iko njiani ya kufa. Jihazari na batri yenye walibadirisha kipande kimoja tu ili lampe ya hatari izimike: inakupa wiki chache, kisha inaanza tena. Tembeza gari nusu saa nzima, si kuzunguka nyumba. Angalia kama moteri ya esanse inazimika wakati unasimama. Kama haizimike hata kisha gari kupata moto, uliza sababu, na usilipe mbele ya kupata jibu.

Ukiwa umekwisha kuinunua, ujue kwamba batri inapumua. Ku Prius iko tundu pembeni ya kiti cha nyuma, lenye linavuta hewa ya kupoza batri. Vumbi nyeusi ya Goma inaziba hilo tundu. Likizibika, batri inachomeka polepole na wewe huoni kitu. Lisafishwe mara kwa mara, na kusiwekwe mufuko wa maharagi juu yake.

Na neno moja kwa mafundi na watoto wetu wa magaraje: zile waya za rangi ya machungwa si za kuchezea. Zinaua. Mutu mwenye hakufundishwa asifungue batri ya hibridi kwa sababu alizoea batri ya volti 12. Mama mwenye mutoto wake anajifunza ku garaje amwambie hili neno leo magaribi, wakati wa kula.

Gari ya zamani si haya

Iko sababu ingine yenye watu hawasemi. Wengi wanatoa gari ya zamani juu ya haya. Rafiki amenunua hibridi, na yangu ingali inatoa moshi. Lakini ile gari ya zamani iko na fundi ku kila kartie. Vipande vyake vinapatikana. Ikiharibika ku Kirotshe, mutu wa pale atakusaidia na waya na nyundo. Hibridi ikikataa pale, utaibeba juu ya lori.

Tena muuzaji akikubali kukamata gari yako, hakukubali kwa upendo. Bei yenye anakupa ni ya kumufaa yeye. Tunajua wengi wenye walihesabiwa gari yao nusu ya bei, juu walikuwa na haraka ya kurudia mashimoni. Kwanza uliza wengine watatu wenye wanatafuta gari kama yako wangetoa ngapi. Mara nyingi kuuzisha peke, kisha kununua peke, ni bora kuliko kubadirisha na kuongeza. Na usitoe ufunguo mbele ya kuona karte roze na karatasi za duwane za ile ingine, jina na namba ya moteri zikiwa sawasawa. Mapatano yaandikwe, mashahidi wawili waweke mukono.

Na mbele ya yote, jaribu kuponesha yenye uko nayo. Buji mupya, filtre ya hewa safi, pneu zenye hewa ya kutosha, freini zenye hazishike mugurudumu. Hiyo kazi haifike bei ya hibridi hata kidogo, na gari yenye ilikuwa inakula litre 12 inaweza kurudi ku 10. Hakuna muuzaji mwenye atakuambia hivyo, juu hapo hakuna makuta yake.

Makuta ya shimo hayarudi kila mwezi

Hapa njo moyo wa maneno yetu. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2000. Bei ya koltani ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache. Watu waliacha mashamba, waliuza ngombe, walikwenda mashimoni. Mwaka 2001 bei ilianguka. Januari 2002 Nyiragongo ikashuka ndani ya muji na kuchoma nyumba pamoja na yenye ilikuwa ndani. Kisha, mwezi wa 9 mwaka 2010, serikali ya Kinshasa ilifunga uchimbaji wa mukono ku Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ilidumu mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Miezi sita nyumba nyingi hazikuingiza kitu. Wenye walikuwa na deni ya gari walijua mateso yake.

Hakuna mutu mwenye anajua bei ya mwaka ujao. Haijulikane kama njia itakuwa wazi, kama udongo utaporomoka, kama komptware itanunua. Tangu januari 2025 tuliona banki za Goma zinafunga milango, na tulijifunza kwamba hata pesa yenye imewekwa muzuri inaweza kuwa mbali na mwenyewe. Kwa hiyo makuta ya siku nzuri iko na kazi mingi ya kufanya: minervale ya watoto wa sekondari, matibabu, mabati ya nyumba, shamba, akiba ya miezi mibaya. Gari inakuja nyuma ya hizo zote, isipokuwa kama gari yenyewe njo inalipa hizo zote.

Baba, usikate hili neno peke yako ku Birere na rafiki zako. Rudi nyumbani, keti na mama watoto, wekeni daftari mezani. Mara nyingi mama njo anajua nyumba inakula ngapi kwa mwezi, na yeye njo iko ndani ya AVEC ao MUSO ya kartie, fasi yenye watu wanajua maana ya kuweka na kukopa. Na kama munaona taksi ya hibridi ni biashara nzuri kwenu, muifanye kwa kikundi: watu watano wenye wanagawanya bei, wanagawanya faida, na wanaweka kando kila wiki kidogo kwa batri itakayokuja. Batri isiyowekewa akiba ni deni yenye haijafika tu.

Jiwe letu liko ndani

Tunamaliza na neno lenye linatuuma. Ile gari ya hibridi, ukifungua akili yake ya ndani, ile mashini ndogo yenye inaamua saa ya kuwasha na saa ya kuzima, utakuta kazi ya mikono yenu. Koltani ya Rubaya inatoa tantale, na tantale inaingia ndani ya vipande vidogo vya elektroniki. Kasiterite ya Walikale inatoa eteni, yenye inashikanisha hivyo vipande. Kobalti ya ndugu zetu wa Kolwezi inaingia ndani ya batri nyingi za litiamu. Jiwe linatoka kwetu mugongoni mwa mutoto wa mutu, linavuka bahari, linazunguka dunia. Kisha miaka kumi na tano linarudi kwetu ndani ya gari imechoka, na tunalinunua kwa makuta yenye tulipata kwa kulichimba.

Hatuwezi kugeuza hilo kwa siku moja. Lakini tunaweza kuomba mambo matatu, na tunayaomba hapa. Kwanza, mwenye kuuzisha hibridi ku Goma alazimishwe kutoa karatasi ya kupima batri, na jina lake chini. Pili, masomo yetu ya ufundi, ITIG na zingine, zifundishe vijana kazi ya hibridi, ili mutoto wa muchimbaji asijifunze kwa kuchomeka na kuran. Tatu, ijulikane batri ikifa inakwenda wapi. Leo hakuna mwenye anauliza. Kesho zitakuwa nyuma ya nyumba zetu, watoto watazipasua ili kutafuta shaba, na maji yake yatakwenda ku ziwa lenye tunakunywa.

Mupaka siku hiyo, hesabu ni mulinzi wako. Kama gari inatembea siku nzima hapa muji, kama batri imepimwa, kama akiba ya nyumba iko pembeni, nenda, nunua, na Mungu akubariki. Kama moja ya hayo matatu haiko, osha gari yako ya zamani, badirisha buji, na uweke ile dola 3.000 fasi yenye watoto wako wataiona. Muuzaji atakuita mara ya pili. Hibridi zitakuwa bado ziko, na nyumba yako pia.